Mvua Moja Kabla ya Msingi

Jumamosi, 1 Machi

Nimehamia bandani leo. Banda lenyewe ni la mabati, linatosha kitanda na meza, limeegemezwa kwenye mteremko juu ya ziwa hapa Ilemela, na kuanzia leo hadi mvua zikatike ndipo kwangu. Mimi Raya, mwenye shahada ya usanifu majengo, niliyechora hoteli ya vyumba tisini, nimeletwa kuangalia maji yanapita wapi.

Ndiyo kanuni ya nyumbani kwetu. Kampuni ya Jiwe Moja haichimbi msingi popote kabla kiwanja hakijanyeshewa masika moja nzima, na mtu wa familia akae palepale aandike kila siku maji yalikotokea na yalikokwenda. Babu Salehe, Mungu amrehemu, ndiye aliyeianzisha alipokuwa fundi wa mawe, na Bibi Mwanaheri ameishikilia mpaka leo. Tuna majengo saba na madaftari saba ya mvua. Hili la Ilemela ni la nane, na nimepewa mimi kwa sababu, Bibi alisema mbele ya kikao kizima, aliyechora ndiye alowe.

Baba mdogo Faisal, ambaye ndiye mkurugenzi siku hizi, alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka.

Daftari la mvua lina jalada gumu jekundu na ni mali ya kampuni. Hili ninaloandikia sasa ni langu, na humu nitasema ninavyotaka.

Jumapili, 2 Machi

Funga ya kwanza. Joto la kuchemsha mabati. Hakuna hata wingu.

Jumatatu, 3 Machi

Sipo peke yangu. Mlinzi wa kiwanja ni Mzee Machibya, Msukuma wa Magu, mfanyakazi wa zamani kuliko wote katika kampuni. Alianza na Babu kama fundi mwashi. Anatembea akiburuta mguu wa kushoto, na kila asubuhi anauburuta kiwanja kizima akiwa na ndoo ya majivu.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Anachora mistari ya majivu kukata mteremko, jiwe hadi jiwe, mistari kumi na miwili. Mvua ikipita, unaifuata mistari ukiangalia ilipokatika. Palipokatika ndipo maji yamepita, unapiga kigingi chenye kitambaa chekundu na unaandika. Majivu tunapewa na Mama Paskazia, anayekausha sangara kwa moshi pale mwaloni, ufukwe wa wavuvi chini yetu. Nimesoma miaka mitano ili nije kunuka samaki.

Nilimuuliza mzee mguu ulipatwa na nini. "Ukuta," alijibu, akaendelea kumwaga majivu.

Alhamisi, 6 Machi

Niseme kuhusu Ng'ombe.

Ng'ombe ni jiwe. Mzee Machibya ndiye aliyelipa jina, na ukilitazama kutoka mwaloni huwezi kuliita kitu kingine: limelala kwa tumbo, mgongo umenyooka, kichwa kimegeukia ziwa, linacheua. Urefu wake ni nyumba ya ghorofa tatu. Juu yake wanaota jua mijusi, wekundu mbele na bluu nyuma, na chini yake wanaishi pimbi, familia nzima, watoto wakipanda mgongoni kwa mama zao.

Ramani yangu yote imeanzia kwa Ng'ombe. Mgeni ataingia kwenye ukumbi wa mapokezi ambao ukuta wake wa nyuma ni ubavu wa jiwe lenyewe, na mbele ni kioo kitupu na ziwa. Niliuchora usiku mmoja Dar, sikulala, na nilipomaliza nililia. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivyo na sidhani kama nitachora tena. Bibi alipouona aliuliza swali moja tu, jiwe linanyeshewaje. Ndiyo maana niko hapa.

Jumapili, 9 Machi

Matone mawili matatu. Majivu hayakujua kama kumenyesha.

Jumatano, 12 Machi

Bibi amenitumia sanduku la bati lenye madaftari yote saba, nijifunze. Nilidhani nitayapekua mpaka futari basi. Nimeyasoma siku nzima, na sasa sijui nimuweke wapi bibi yangu.

La kwanza ni la mwaka 1988, la Igogo. Bibi alikuwa akiuza chai na maandazi kwa abiria wa meli. Waliochelewa meli ya Bukoba walilala barazani kwake, na asubuhi walilipa wapendacho. Baraza ilipojaa, Babu akasema nitakujengea vyumba vinne, viegemee lile jiwe moja la uani, lakini kwanza tulione jiwe hilo kwenye mvua. Hapo Bibi alikuwa ametoka juzi tu kwenye elimu ya watu wazima. Herufi zake ni kubwa, zimepanda na kushuka. "Mvula kubwa. Maji yamepita kwa mlango wa jikoni." Chini amechora mshale. Ukurasa mzima mshale mmoja na mlango mmoja.

Daftari la pili, vyumba vinane. La tatu, nyumba za kupangisha. La nne, hosteli ya Butimba ya wanafunzi, ghorofa mbili, mwaka 2004. La tano, maduka. La sita, hoteli ya mjini yenye lifti, ambayo Bibi mpaka leo haipandi. La saba, majengo ya fleti. Kila daftari mwandiko unatulia kidogo, mishale inapungua na maneno yanaongezeka, na mwanamke aliyekuwa hajui kuandika mvua anaandika pembe ya mteremko. Vyumba vinne vimekuwa vyumba mia tatu na kumi, na hakuna hata kimoja ambacho kabla yake hakusimama mtu kwenye matope akitazama chini.

Nilikulia ndani ya mali hii nikadhani ilikuwepo tu, kama milima.

Daftari safi kuliko yote ni lile la Butimba. Nimelionea wivu. Kuna mahali, mwezi wa nne, siku tisa mfululizo zimeandikwa "Hakuna maji" kwa wino uleule, mistari imenyooka utadhani imepigwa rula.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli, nusu saa. Vigingi vinne. Nimeanguka mara mbili. Mzee Machibya hakucheka, ila aligeuka kutazama ziwa kwa muda mrefu kidogo.

Jumatano, 19 Machi

Vigingi tisa. Naanza kuona.

Sijui niielezeje. Nilikuwa natazama mteremko naona mteremko. Sasa naona njia. Kuna mto mwembamba unaotokea kwenye mkuyu, unazunguka jiwe la tatu na kupotea kwenye mchanga. Kuna mwingine unaopita njia ya watu, kwa sababu miguu ya watu imeuchimbia. Mvua imekuwa ikiandika hapa muda wote huo na mimi nilipita juu ya maandishi nikiwa na futi na kamera.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nilienda Igogo kuswali na kula. Bibi anaishi bado kwenye kile chumba cha kwanza, ana miaka sabini na minane, na watu waliokuja kumpa mkono wa Idi walipanga foleni mpaka barabarani: mafundi, wapangaji, wapishi wa hoteli, mkuu wa idara mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Butimba. Bibi alimwuliza kila mmoja habari za nyumbani kwake kwa jina. Nilimpelekea sinia la biriani Mzee Machibya. Bibi alilipakua mwenyewe, hakuruhusu mtu aliguse, na nyama alichagua yeye. Kila sikukuu hufanya hivyo. Watu husema, tazameni mama huyu anavyowatunza wafanyakazi wake.

Ba'mdogo Faisal alinivuta pembeni. Kampuni ya watalii inataka vyumba vyote tisini kuanzia Juni mwaka kesho. Kama msingi hautachimbwa mwezi wa tano, tutawakosa. Akaniomba daftari lisiwe na vituko.

Ijumaa, 4 Aprili

Vidudu vya ziwani vimepanda leo kama moshi, nguzo ndefu tatu juu ya maji. Vimeingia kwenye chai na kwenye nywele. Mzee anasema ni dalili njema. Ninatema.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijawahi kuona kitu kama leo.

Ilianza alfajiri. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, halafu upande wa Ukerewe pakawa peusi, na ule weusi ukaanza kutembea. Niliuona ukija juu ya maji, una ukingo kabisa, mbele yake maji ya fedha na nyuma yake hamna kitu. Mzee Machibya alinipigia kelele niingie ndani. Sikuweza. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika nguzo, na mvua ilipofika haikunyesha, ilifika tu, yote kwa pamoja. Bati la banda likainuka upande mmoja. Ngurumo sikuzisikia kwa masikio, nilizisikia kwenye meno. Ng'ombe alikuwa anang'aa mwili mzima, maji yakimtiririka mgongoni kwa mamia ya vijito, na hakuonekana kujali.

Niliogopa na sikutaka iishe. Nilisema Subhanallah mpaka nikagundua nasema kwa sauti.

Vigingi ishirini na tatu. Kwenye ukumbi wangu, mbele ya Ng'ombe, majivu hayajaguswa. Jiwe linagawa maji kushoto na kulia, katikati pakavu. Nilipiga magoti nikagusa ule udongo mkavu kwa mkono. Nimechora kweli.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua tangu asubuhi hadi magharibi. Mzee amepigiwa simu, dada yake amefariki Magu. Ameondoka na bodaboda amejifunika nailoni. Atarudi Alhamisi.

Jumatatu, 14 Aprili

Jua. Kila kitu kinafuka mvuke. Pimbi hawaonekani.

Jumanne, 15 Aprili

Nimefanya jambo baya na nitaliandika hapa kwa sababu kule sikuliandika.

Leo ni siku ya pili ya jua. Saa tatu asubuhi nilikuwa nafua nguo. Nilisikia sauti nikadhani ni bomba la jirani. Nikatazama chini ya tumbo la Ng'ombe, palepale pakavu nilipopigia magoti Jumamosi, na udongo ulikuwa unatetemeka. Halafu ukafunguka. Maji yakatoka, meupe safi, baridi kama ya friji, unene wa paja langu, kutoka ndani ya mlima. Mbinguni hapakuwa na wingu. Mvua ya Jumamosi na Jumapili ilikuwa imetembea siku mbili ndani ya mawe, gizani, na sasa ilikuwa imefika.

Yalipita katikati kabisa ya ukumbi wangu wa mapokezi. Ningeweza kuonyesha kwa kidole: hapa kaunta, hapa viti, hapa mlango wa kioo. Yalikwenda mpaka ziwani yakiimba. Nilisimama nimeshika nguo yenye povu, na hata nikiwa nalia niliona jinsi yalivyokuwa mazuri.

Saa saba yakapungua. Saa nane yakakata. Saa kumi udongo ukaanza kukauka.

Nilichukua ndoo ya majivu. Nikachora upya mstari wa sita, mstari wa saba na mstari wa nane, taratibu, nikiinama kama anavyoinama mzee. Kisha nikaingia bandani nikafungua daftari jekundu. "15 Aprili. Jua kali. Hakuna maji."

Mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri hivyo.

Alhamisi, 17 Aprili

Mzee amerudi. Nilimpa pole ya msiba. Aliitikia, akachukua fimbo, akazunguka mistari yake. Chini ya Ng'ombe alisimama. Akainama, akachukua majivu kwa vidole viwili, akayatazama kwenye mwanga, akayarudisha. Alinipita akaenda kuchemsha chai.

Ijumaa, 18 Aprili

Manyunyu. Vigingi viwili.

Jumapili, 20 Aprili

Hakuna.

Jumatatu, 21 Aprili

Ba'mdogo amepiga simu. Furaha tupu. Greda limeshapatikana. Nilimwambia sawa.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua fupi. Sikula.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama Paskazia alituletea samaki, tukala kwenye mawe, mimi na Mzee Machibya. Sikuweza tena. Nilimuuliza ukuta ule ulikuwa wa wapi.

Alimaliza kula kwanza. Akanawa. Akasema ulikuwa wa Butimba, ukuta wa nyuma wa hosteli, ule unaozuia mlima. Alikuwa anapiga lipu. Wanafunzi walikuwa wanaingia Jumatatu ya wiki ile. Mvua ilikuwa imekatika siku mbili, jua linawaka, mafundi wamevua mashati. Maji yalitokea nyuma ya ukuta, ndani ya mlima, na ukuta ukamlalia mguuni. Wenzake walimtoa kwa nondo.

Nilisema, lakini daftari la Butimba linasema hakuna maji.

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu arudi kutoka msibani.

"Majivu mapya nimeyaona mala mbili kwenye maisha yangu," alisema. "Mala ya kwanza kule Butimba. Yanakuwa meupe kuliko ya pembeni, hayajalala na umande. Nikasema moyoni, mayu ameona kitu. Lakini mayu ndiye alinipa kazi, nikanyamaza. Ukuta uliposimama nikapanda jukwaa mwenyewe."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Ndivyo anavyomwita Bibi.

"Na mara ya pili?"

"Ya pili unaijua wewe, mjukuu."

Ijumaa, 25 Aprili

Nimelala na daftari la Butimba kifuani, na nimeamka nalo.

Nimezitazama zile siku tisa. Mwezi mzima uliopita niliona hati nzuri. Sasa naona mtu aliyekaa mezani siku moja akaandika siku tisa. Naona mkono wangu. Bibi yangu ninayemwogopa kama radi, mwanamke aliyepanda kutoka mshale mmoja mpaka vyumba mia tatu na kumi, aliinama na ndoo kama mimi. Na sinia la Idi analolipakua mwenyewe, nyama anayochagua mwenyewe, miaka ishirini na moja.

Nilidhani nitamdharau. Nimejaribu asubuhi yote. Badala yake nafikiria kwamba baada ya ukuta ule alirudi kusimama kwenye matope madaftari matatu mengine, akijua amefanya nini, na hakuna hata mvua moja aliyoiacha. Sijui kama mimi ningeweza kurudi.

Sikuchana ukurasa. Chini ya uongo wangu nimeandika: "15 Aprili, sahihisho. Maji yalitoka chini ya jiwe la Ng'ombe saa tatu asubuhi, siku ya pili ya jua, yakapita katikati ya ukumbi wa mapokezi. Niliyaona. Nilichora majivu upya. Raya." Nikaenda kupiga kigingi. Mzee alikuwa ameshakichonga, kilikuwa kimeegemezwa kwenye Ng'ombe kinanisubiri.

Jumapili, 27 Aprili

Ba'mdogo Faisal amekuja na viatu vya kikao. Nilimwonyesha ukurasa. Aliusoma mara tatu.

Hakunifokea, na ingekuwa nafuu kama angefoka. Alikaa kwenye kitanda changu akasema yeye alikulia kwenye chumba cha pili cha Igogo, kitanda kimoja watoto wanne, na tangu utoto alikuwa anaota hoteli ambayo watu hawataifikia kwa sababu wamechelewa meli. Wataikusudia. Alisema maji ya muda wa saa tano, mara moja kwa mwaka, yanaweza kuingizwa kwenye bomba. Nilimwambia bomba hilo litapita chini ya miguu ya wageni, na mlima nyuma yake. Aliniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia Mzee Machibya.

Alitazama nje, pale mzee alipokuwa akimwaga majivu. Akavaa viatu.

"Nitamwambia mama mwenyewe," alisema.

Jumatatu, 28 Aprili

Bibi amepiga simu. Sauti haikuwa na chochote. Aliuliza kama kuna wingu. Nikasema lipo, zito. Akasema atakuja siku ya pili ya jua, na nisiguse kitu.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Vigingi thelathini na kimoja. Ziwa limemeza jiwe la kufulia la Mama Paskazia.

Alhamisi, 1 Mei

Jua. Pimbi wamehama, nimewaona wakivuka njia kwa mstari, watoto katikati.

Ijumaa, 2 Mei

Naandika jioni.

Walifika saa mbili. Ba'mdogo aliendesha, Bibi alikaa mbele na kiti chake cha kukunja miguuni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika bega ashuke mteremko. Hakutaka kubebwa. Alipita kigingi hadi kigingi, vyote thelathini na kimoja, na kwenye kila kimoja alisimama akageuka kutazama juu maji yalikotokea na chini yalikokwenda. Niliona midomo yake ikitembea. Alikuwa anasoma. Mwanamke huyu alikuwa anasoma mlima mzima, bila daftari, na alipofika chini aligeukia upande wa Ng'ombe akasema yatatokea pale, chini ya mbavu, hayapendi kwato. Kigingi changu kilikuwa chini zaidi, ukumbini; tundu lenyewe nilikuwa sijamwambia liko wapi.

Akaketi. Mzee Machibya alikuja na kusimama nyuma yake. Walisalimiana kwa Kisukuma kidogo, Kiswahili kidogo. Tukasubiri.

Saa tatu na robo udongo ulianza kutetemeka.

Hata nilipokuwa nimeshaona, sikuwa nimeona. Yalikuwa mengi kuliko yale ya kwanza. Yalitoka na mchanga mweupe, yakaubeba mstari wa sita, wa saba, wa nane, yakakishika kigingi changu yakakitikisa. Ba'mdogo Faisal alirudi nyuma hatua tatu na viatu vyake vya kikao vikajaa. Akasema taratibu, "La ilaha illallah." Akavivua. Akaingia kwenye maji miguu mitupu, mkurugenzi mzima, suruali imekunjwa, akasimama katikati ya ukumbi wangu wa mapokezi na kutazama chini.

"Yanatoka wapi?" aliuliza, na hakuwa anatuuliza sisi.

Bibi aliniomba daftari jekundu. Aliusoma ule mstari mzuri, halafu sahihisho. Nilisubiri. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Uliupenda ukumbi," alisema.

"Nilizidisha, Bibi."

"Kwangu mimi ilikuwa wanafunzi. Nilishawaahidi wazazi wao siku ya kuingia." Alifunga daftari. "Haya maji hayaondoki, Raya. Yalikuwepo kabla yetu. Hoteli yako ndiyo isogee."

Ba'mdogo alisema watalii basi, watatafuta kwingine. Alisema bila kugeuka, bado yuko majini. Nilisikia ukumbi wangu ukiondoka. Niliona pia, palepale, bila kutaka, kwamba ungeweza kukatwa vipande viwili, kimoja kushoto cha Ng'ombe na kimoja kulia, na katikati pabaki wazi, na mgeni akija siku ya pili ya jua ayakute maji yanapita yanakotaka. Sikusema. Itachukua mwaka.

Bibi aliniambia nilete sanduku. Nikaleta. Alichambua mwenyewe mpaka akapata la Butimba, akalifungua mahali bila kutafuta. Akanyoosha mkono nimpe kalamu.

Aliandika muda mrefu. Mwandiko ulikuwa umerudi kuwa ule wa Igogo, herufi zinapanda na kushuka. Alipomaliza alinipa daftari, akanionyesha kwa kidevu Mzee Machibya, ambaye hakupata kusoma.

"Msomee."

Nilisoma. Maji yalikuwa yanapiga kelele, ikabidi nipaze sauti. "Sahihisho. Siku ya sita maji yalitoka ndani ya mlima, palipokuja kujengwa ukuta wa nyuma. Niliyaona. Nilichora majivu upya. Nilimpandisha Machibya jukwaani nikiwa najua. Mwanaheri."

Bibi alikuwa anatazama mikono yake. Mzee aliuburuta mguu hatua moja, akashika mgongo wa kiti cha Bibi, na akakaa hivyo, ameinamisha kichwa upande wa daftari.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.